Mtandao wa Mbali Ukilegea, Tengeneza Njia Kwanza

Ndugu mkulima, lori la maembe likishapakiwa halingojei mtandao. Embe lililoiva juzi, leo ni laini, na kesho ni la kutupwa. Ikiwa karani wa kikundi chenu aliyeko Mombasa hakuweza kuwapasha habari za bei kabla lori halijaondoka, dereva atafika soko la Kongowea alfajiri asijue auze kwa nani, na mtu wa kwanza atakayemsogelea ndiye atakayetaja bei. Hasara hiyo haikutoka shambani wala haikuletwa na wadudu. Imetoka hewani, katika mawasiliano yaliyolegea.

Wazee wetu wa pwani waliyaita mawasiliano ya namna hii simu ya upepo, kwa kuwa hayana waya. Leo simu ya upepo imo ndani ya kompyuta, nayo ina kanuni zake kama vile mbegu na udongo zilivyo na kanuni zao. Katika ukurasa huu tutaeleza jinsi ya kuutengeneza mtandao wa mbali unaofika dhaifu kwenye kompyuta inayoendeshwa na Linux. Shauri letu kubwa ni moja: usikimbilie kuongeza nguvu, bali tengeneza njia kwanza.

MFANO WA KIBOKONI

Tuchukue mfano. Kikundi cha wakulima wa skimu ya makazi, iwe ni ya Shimba Hills, Mtwapa, Tezo-Roka au Magarini, kimemweka karani wake katika chumba cha kupanga huko Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Kazi yake ni kupokea mizigo, kuandika hesabu na kuwajulisha wenzake bei. Kompyuta yake ni ya mitumba. Mtandao anaoutumia hautoki katika nyumba hiyo. Unatoka katika nyumba ya nduguye ng'ambo ya maji, upande wa Nyali, tuseme umbali wa kilomita 1, ambako ruta imewekwa karibu na dirisha.

Usiku wa manane barua zake zinapita. Mchana zinakwama. Siku nyingine asubuhi mambo ni mazuri, na saa sita baadaye hakuna kitu. Karani amekwisha shauriwa anunue chombo cha kuongeza nguvu, na kikundi kimeombwa kitoe fedha za kukinunua. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, yafaa wanachama wasome maelezo haya.

Kwanza tuone ajabu ya jambo lenyewe. Waya wa simu za maandishi uliopita chini ya bahari kutoka Unguja ulifika Mombasa mwaka 1890. Mwaka 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, na mwaka huo huo ikafika pia kebo ya SEACOM. Basi habari zinasafiri maelfu ya kilomita chini ya bahari bila kuchoka, kisha zinashindwa kuvuka kilomita moja ya mwisho. Ni kama mfereji uliotoka mtoni salama, halafu maji yakapotea mbele ya shamba lako. Mkulima mwenye akili haendi kuongeza maji mtoni. Huufuata mfereji mpaka aone mahali unapovuja.

LINUX NI NINI

Linux ni msingi wa programu za kuendeshea kompyuta. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Mtu yeyote anaweza kuipata bila kulipa, nayo huziwezesha hata kompyuta za zamani kufanya kazi. Tena ruta nyingi na redio za kuweka juu ya paa huendeshwa na Linux kwa ndani, hata kama mwenye nazo hajui.

Kwa kazi yetu ina faida nyingine. Kompyuta nyingi huonyesha nguvu ya mtandao kwa vijistari vichache tu, navyo havisemi kitu cha maana. Linux itakupa nambari halisi ukiiuliza vizuri. Maswali hayo huandikwa katika dirisha la maandishi linaloitwa terminali. Maagizo yanayoanza na neno sudo yatakuomba neno la siri, kwa sababu yanabadili jambo katika kompyuta.

PIMA KABLA YA KUTIBU

Bwana Shamba akitaka kujua kama mbolea inafaa, hupanda mistari miwili: mmoja wenye mbolea na mmoja usio na mbolea. Kisha huandika mavuno ya kila mmoja. Nawe fanya vivyo hivyo. Chukua daftari, piga mistari, uandike tarehe, saa, hali ya maji ya bahari na nambari utakazoziona.

Kwanza tafuta jina la redio ya kompyuta yako. Andika:

iw dev

Utaona jina kama wlan0 au wlp2s0. Hapa tutatumia wlan0, lakini wewe weka jina uliloliona kwako. Kisha uliza nguvu inayokufikia:

iw dev wlan0 link

Tazama mstari wenye neno signal. Nambari yake ina alama ya kutoa mbele, kwa mfano −78. Usichanganyikiwe na alama hiyo. Kadiri nambari inavyoikaribia sifuri, ndivyo nguvu inavyozidi. Kwa kukadiria tu, −60 ni nzuri sana, −70 yafaa kwa kazi, −80 ni dhaifu, na −90 ni karibu na kufa.

Kama unataka kompyuta ikuonyeshe nambari hiyo upya kila sekunde, huku ukisogeza antena, andika:

watch -n 1 iw dev wlan0 link

Sasa pima kama njia inavuja. Tafuta kwanza nambari ya ruta ya ng'ambo kwa kuandika:

ip route

Katika mstari unaoanza na neno default utaona nambari kama 192.168.1.1. Hiyo ndiyo anwani ya ruta. Itumie vifurushi 100 vya majaribio:

ping -c 100 192.168.1.1

Mwishoni utaona mstari wenye alama ya asilimia. Hiyo ndiyo hesabu ya vifurushi vilivyopotea njiani. Vikipotea 0 au 1 katika 100, njia yako ni nzima. Vikipotea 20, usishangae barua zikikwama.

Jaribio hili lina maana kubwa, kwa sababu linatenganisha mambo mawili. Ikiwa vifurushi vya kwenda kwenye ruta havipotei, na bado mtandao ni mzito, basi ugonjwa hauko juu ya maji. Uko mbele ya ruta, kwa kampuni inayouza mtandao, na antena yoyote utakayoinunua itakuwa kazi bure. Wengi wamepoteza fedha kwa kutofanya jaribio hili dogo.

KWA NINI MAWIMBI HUDHOOFIKA KIBOKONI

Ukitembea katika vichochoro vya Kibokoni utaziona nyumba za zamani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta zake ni nene, na ndizo zinazomtunzia mwenye nyumba baridi wakati wa jua kali. Lakini ukuta unaozuia joto huzuia na mawimbi pia, hasa ukiwa umenyonya unyevu. Paa la mabati ni baya zaidi, kwa maana mawimbi hulipiga yakarudi yalikotoka. Nondo za madirisha nazo huchukua sehemu yake. Hivyo kompyuta iliyo juu ya meza katika chumba cha ndani inatafuta habari za Nyali kama mtu aliye ndani ya ghala anayetaka kusikia mazungumzo ya nje.

Jambo la pili ni msongamano. Nyumba zimekaribiana, na karibu kila moja ina ruta yake. Zote zinasema kwa wakati mmoja katika masafa ya gigahezi 2.4. Ndiyo maana karani wetu anapata nafuu usiku wa manane, majirani wanapolala.

Jambo la tatu ni upana wa njia. Watu hudhani mawimbi hupita hewani kama uzi mwembamba, na kwamba ukiiona nyumba ya ng'ambo kwa jicho, imetosha. Sivyo. Mawimbi hupita mithili ya gunia refu lililofungwa ncha zote mbili, jembamba mwanzoni na mwishoni, nene katikati. Kwa umbali wa kilomita 1 na masafa ya gigahezi 2.4, nusu ya unene huo katikati ya njia ni kama mita 5 na nusu. Si lazima gunia lote liwe wazi, lakini angalau mita 3 na nusu kuzunguka mstari wa katikati pasiwe na paa, mti wala tangi la maji. Kwa hiyo antena iliyo juu kidogo tu ya bahari, au inayochungulia baina ya mapaa mawili, huumia hata kama jicho linaona ng'ambo.

HESABU YA NGUVU

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha mahali pa kuweka fedha zako. Nguvu ya mawimbi huhesabiwa kwa desibeli. Ukiongeza desibeli 3, nguvu imekuwa mara mbili. Ukiongeza 10, imekuwa mara kumi.

Tuseme redio ya kompyuta inasema kwa nguvu ya 18. Antena yake ndogo inaongeza 2, na antena ndogo ya ng'ambo inaongeza 2. Jumla ni 22. Hewa ya kilomita 1 katika masafa ya gigahezi 2.4 inakula 100. Tuseme ukuta wa matumbawe unakula 15 nyingine. Kinachobaki ni 22 ukitoa 115, yaani −93. Hiyo ni hali ya kufa.

Sasa karani atoke nje ya ukuta, aweke antena ya kuelekeza juu ya paa, inayoongeza 12. Nduguye wa ng'ambo afanye vivyo hivyo. Tena redio wazipunguze nguvu, kutoka 18 mpaka 8. Jumla ni 8 na 12 na 12, yaani 32. Hewa inakula 100 kama kawaida, na ukuta haupo tena. Kinachobaki ni −68. Hapo kazi inafanyika vizuri.

Angalia sana jambo hili. Nguvu inayotoka mbele ya antena haikuongezwa hata kidogo: kwanza ilikuwa 18 na 2, yaani 20, sasa ni 8 na 12, ambayo pia ni 20. Hata hivyo kinachofika ng'ambo kimepata nafuu ya desibeli 25, zaidi ya mara 300. Desibeli 15 zimepatikana kwa kuukwepa ukuta tu, na 10 kwa kuwa antena nzuri husikia vizuri.

Hapo ndipo ilipo siri. Mawasiliano ya kompyuta ni mazungumzo ya watu wawili, si hotuba ya mtu mmoja. Kila kifurushi kinachotumwa hudai jibu. Chombo cha kuongeza nguvu ya kusema kinakuwezesha kupiga kelele, lakini hakikufanyi usikie jibu la mtu wa ng'ambo. Antena ya kuelekeza husaidia kusema na kusikia pia. Ndiyo sababu twasema tengeneza njia kwanza.

KUCHAGUA ANTENA NA KUIELEKEZA

Antena ya fimbo, kama ile iliyo nyuma ya ruta, husambaza nguvu pande zote, kama taa ya chemni. Hiyo ni nzuri ndani ya nyumba. Kwa mbali tumia antena inayokusanya nguvu upande mmoja, kama kurunzi. Ziko za ubao bapa, ziko za sahani, na ziko zile za mfano wa mfupa wa samaki ambazo watu wamezizoea kwa televisheni. Hizo za mwisho huitwa Yagi, kwa jina la Hidetsugu Yagi wa Japani, aliyezieleza kwa ulimwengu pamoja na mwenzake Shintaro Uda mwaka 1926.

Ukiwa na antena, fuata mambo haya:

1. Iweke mahali inapoona ng'ambo bila kizuizi. Mita mbili za kupanda juu huweza kuzidi faida ya chombo cha bei kubwa.

2. Usitumie waya mrefu mwembamba kati ya redio na antena. Katika masafa haya waya mwembamba wa kawaida hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita. Mita 10 zaweza kula faida yote ya antena. Ni heri kuipeleka redio yenyewe juu ya paa. Ikiwa ni redio ndogo ya kuchomeka kwa waya wa USB, waya huo usizidi mita 5. Ikiwa ni redio ya nje inayotumia waya wa mtandao, waya unaweza kufika mita 100, nao mara nyingi hupeleka na umeme.

3. Antena zote mbili zisimame kwa namna moja. Moja ikisimama wima na nyingine ikilala, nguvu nyingi hupotea bure.

4. Kuelekeza ni kazi ya watu wawili. Mmoja ashike antena, mwingine asome nambari kwenye kompyuta. Geuza kidogo kidogo kulia na kushoto, ngoja sekunde chache, andika nambari. Pita mahali panapoonekana pazuri mpaka nambari ianze kushuka, kisha rudi katikati. Halafu fanya hivyo hivyo juu na chini. Antena huwa na mwelekeo mkubwa mmoja na mingine midogo ya pembeni, na asiyepita mbele hujidanganya kwa ule mdogo.

Kabla ya kununua redio ya kuchomeka, muulize muuzaji kama Linux inaitambua bila kuongezewa programu. Kama inawezekana, ijaribu dukani kwa kompyuta yako mwenyewe.

MAJI YA KUJAA NA MAJI YA KUPWA

Tulisema karani wetu anapata mtandao asubuhi, na saa sita baadaye haupo. Wavuvi wa Mji wa Kale wangemwambia sababu mara moja kama angewatajia saa zenyewe, kwa maana bahari hujaa na kupwa kila baada ya saa sita na dakika chache. Wakati wa bamvua, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3.

Maji ya bahari ni kioo cha mawimbi ya redio. Baadhi ya mawimbi huenda moja kwa moja kwenye antena ya ng'ambo, na mengine hugonga maji yakaruka. Yale yaliyoruka yamepita njia ndefu zaidi, kwa hiyo huchelewa kidogo. Yakifika sawa na wenzake, nguvu huongezeka. Yakifika kinyume, huuana. Uso wa maji ukipanda au kushuka, mambo hubadilika. Hivyo mtu akielekeza antena maji yakiwa yamejaa, akafurahi, akashuka kwenye paa, huenda asipate kitu yakipwa.

Dawa yake si kuongeza nguvu. Pima maji yakiwa yamejaa, pima yakiwa yamepwa, pima na katikati, kwa siku kadhaa za bamvua na za maji mafu. Kisha panda au shuka na antena kwa nusu mita, upime tena. Tafuta kimo ambacho nambari mbaya kabisa ya siku bado inafaa kwa kazi, hata kama si kimo chenye nambari nzuri kuliko zote. Njia nyingine ni kuirudisha antena nyuma kidogo juu ya paa, ili ukingo wa paa uyafiche maji ya chini lakini usiifiche nyumba ya ng'ambo.

KUREKEBISHA KOMPYUTA YENYEWE

Njia ikiwa imetengenezwa, sasa igeukie kompyuta.

Kwanza, kompyuta nyingi hulaza redio ili kutunza betri. Redio inayosinzia hukosa vifurushi. Iamshe hivi:

sudo iw dev wlan0 set power_save off

Agizo hili hupotea ukizima kompyuta. Kama unatumia NetworkManager, unaweza kulidumisha hivi, ukiweka jina la mtandao wako mahali palipoandikwa JINA:

nmcli connection modify JINA 802-11-wireless.powersave 2

Pili, angalia chaneli zilizojaa kwa kuandika:

nmcli dev wifi list

Katika gigahezi 2.4 chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Chagua ile yenye majirani wachache au walio dhaifu, uibadili kwenye ruta. Hapo hapo kwenye ruta weka upana wa chaneli uwe megahezi 20, si 40. Chaneli pana hubeba mengi lakini huchukua kelele nyingi pia. Kwa mbali, nyembamba hushinda.

Tatu, kuna muda wa kungoja jibu. Mawimbi ya redio husafiri mita 300 kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ni haraka sana, lakini redio nayo haina subira. Ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba na ofisi, na jibu likichelewa kidogo hudhani kifurushi kimepotea, ikatuma tena. Unaweza kuiambia umbali kwa mita, nayo itaongeza subira:

sudo iw phy phy0 set distance 1500

Si kila redio inayokubali agizo hili. Ikikataa, iache. Kwa kilomita 1 huenda usione tofauti kubwa, lakini kwa kilomita nyingi jambo hili huwa la lazima. Mwaka 2006 Ermanno Pietrosemoli na wenzake huko Venezuela waliunganisha vilele viwili vya milima vilivyo umbali wa kilomita 279 kwa ruta za kawaida zilizowekewa programu ya Linux, na mwaka 2007 wakafika kilomita 382. Hawakushinda kwa kupiga kelele. Walichagua vilele vinavyoonana, wakatumia antena kubwa, na wakazifundisha redio zao kungoja.

Nne, kama umeweka antena kubwa, punguza nguvu ya redio. Kwa nguvu ya 8 tuliyoitaja, andika:

sudo iw dev wlan0 set txpower fixed 800

Kila unapobadili jambo, badili moja tu, kisha pima. Ukibadili matatu kwa pamoja na mambo yakaharibika, hutajua lipi la kulirudisha.

CHUMVI, RADI NA SHERIA

Hewa ya pwani hula chuma. Viungo vya antena vifunikwe kwa utepe wa mpira usiopitisha maji, na waya uache uning'inie kidogo kabla haujaingia ndani, ili mvua idondokee chini badala ya kuufuata. Vikague viungo hivyo kabla ya masika kila mwaka. Mlingoti wa chuma uunganishwe na ardhi kwa waya mnene kwa ajili ya radi, na kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme. Asipande mtu juu ya paa wakati wa mvua au upepo mkali wa kusi, wala karibu na nyaya za umeme.

Mji wa Kale ni eneo linalolindwa kwa ajili ya historia yake. Kabla ya kutoboa ukuta au kusimamisha mlingoti, mwombe ruhusa mwenye nyumba, na uulize ofisi ya Makumbusho ya Taifa inayoshughulikia majengo hayo. Mlingoti mfupi uliofungwa bila kutoboa huwa rahisi kukubaliwa.

Kuhusu hewa yenyewe, kila nchi ina kipimo chake cha nguvu, na kipimo hicho huhesabu redio pamoja na antena. Hapa Kenya msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano. Andika iw reg get uone nchi ambayo kompyuta yako inadhani ipo. Kama si KE, andika sudo iw reg set KE. Wako watu wanaoidanganya kompyuta kwamba iko nchi nyingine ili ipige kelele zaidi. Usifanye hivyo. Utavunja sheria, utawaharibia majirani, na jibu la ng'ambo bado hutalisikia. Tena soma mkataba wa mwenye mtandao uone kama unaruhusu kumgawia mtu wa nyumba nyingine. Kikundi kikitaka kuwauzia watu mtandao, hiyo ni biashara inayohitaji leseni, ulizeni kwanza.

KWENU SKIMUNI

Huenda wewe huko Kibokoni hufiki. Lakini kanuni ni zile zile kati ya ghala la ushirika na nyumba yako iliyo ng'ambo ya bonde. Badala ya kuta za matumbawe una minazi, mikorosho na miembe. Mvua yenyewe haiudhuru sana mtandao wa masafa haya kwa kilomita moja au mbili, lakini majani yaliyolowa huudhuru. Mnazi ulio katikati ya njia utakusumbua zaidi wakati wa upepo, makuti yakicheza huku na huku. Usiukate mnazi unaozaa kwa ajili ya mtandao. Sogeza antena hatua chache, au tafuta nyumba ya mwanachama iliyo juu ya kilima, iwe kituo cha katikati.

Kikundi chenu kikiombwa fedha za kununua chombo, mwambieni anayeomba alete daftari kwanza. Aonyeshe nambari ya nguvu, asilimia ya vifurushi vilivyopotea hadi kwenye ruta, saa za kupima, na kama ni pwani, hali ya maji. Aeleze pia kama antena iko nje na kama inaiona ng'ambo. Asipokuwa na daftari, msitoe fedha bado. Mpeni kalamu na muda wa wiki moja ya kupima, na maembe ya wiki hiyo bei yake iulizwe kwa simu ya kawaida kabla lori halijaondoka.